Mikono Nyuma

Evaresta alikuwa mtu wa kufuata masharti. Daktari akisema dawa inywewe mpaka iishe, kwake ilinywewa mpaka iishe, hata kama mgonjwa amekwishapona na yuko nje anacheza. Padri akitangaza mfungo, yeye alifunga mpaka mumewe akawa anasikia njaa kwa niaba yake. Majirani zake pale Sakina walimtania kwamba akiambiwa apange foleni, atapanga hata kama yuko peke yake. Alicheka nao. Alijua wanamwonea kijicho kidogo, maana nyumba yake ilikuwa na utaratibu, na meza yake ya mitumba kando ya barabara ya Nairobi ilipangwa vizuri kuliko maduka ya watu wengine.

Jambo moja tu maishani mwake halikuwa na utaratibu wowote, nalo ndilo lililokuwa tamu kuliko yote. Ni mazungumzo yake na binti yake Sia.

Sia alipata homa ya uti wa mgongo kabla hajajua kusema. Alipona, lakini masikio hayakupona. Watu wakamwita bubu. Evaresta hakuwa hata na nafasi ya kuwajibu, kwa sababu yeye na mtoto walikuwa na maneno mengi mno. Hakuna aliyewafundisha. Yalizaliwa tu jikoni na pale mezani, leo hili, kesho lile. Baba alikuwa ni kufuta vidole, kama Reginald alivyofuta grisi kwa tambara akitoka gereji. Bibi wa Kibosho alikuwa ni kubana ugoro kwa vidole viwili na kupiga chafya. Mlima Meru ukijifunika mawingu, Sia alijiwekea kiganja kichwani kama kofia, na Evaresta akaanza kuanua nguo. Mtoto hajang'oa hata jino la kwanza, lakini alikuwa anasengenya wateja waziwazi mbele yao: huyu anashikashika kila kitu na hanunui, yule amevaa soksi za rangi mbili. Mama mtu alicheka mpaka wateja wakauliza kulikoni, naye akasingizia vumbi.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa ilipoanza. Sabuni zimerudi madukani, kila mtu anauza kitu, na kila wiki ilikuwa na jambo jipya. Ndipo habari zikafika Sakina kwamba shule moja ya msingi upande wa Themi imefungua kitengo cha watoto viziwi. Kilikuwa chumba kimoja tu, mwisho wa jengo, karibu na vyoo. Wazazi wengine walisitasita, wakiogopa kuonekana. Evaresta alimnunulia Sia sare, akamsuka nywele, akampeleka siku ya kwanza kabisa. Pale mlangoni alimwambia kwa mikono kwamba abaki na watoto wenzake, atakula, atacheza, na jua likishuka mama atakuja. Sia akamjibu kwamba ameelewa, ila asichelewe.

Mwalimu wa kitengo aliitwa Nanyori, Mmeru, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwaya. Mwalimu huyu, tuelewane mapema, hakuwa mtu mbaya. Watoto waliokuja bila kuoga aliwaogesha mwenyewe, na waliokuja bila kula aliwagawia chai yake. Alisomea kazi ile chuoni, na alichofundishwa ndicho alichokuja nacho: mtoto kiziwi afundishwe kusema kwa mdomo na kusoma midomo ya wengine, ili aweze kuishi na watu. Mikono ilikuwa adui. Mtoto akiachiwa mikono, walimwambia huko chuoni, hatahangaika na mdomo. Siku ile ile ya kwanza, watoto wakiwa wamekalishwa darasani, aliwaita wazazi chini ya dirisha la ofisi.

"Wazazi wangu," alisema, "mnataka watoto wenu waseme, au mnataka wabaki kupungapunga mikono kama wanaofukuza nzi?"

Wazazi walisema wanataka waseme. Nani angekataa?

"Basi kuanzia leo, mikono nyuma. Hapa darasani mikono nyuma, na nyumbani mikono nyuma. Mtoto akikuuliza kwa mikono, usimjibu. Mtazame usoni, sema naye kwa mdomo, polepole. Atalia, atakasirika, msimhurumie. Ukimjibu mara moja tu, umeniharibia kazi ya mwezi mzima."

"Hata akiwa anaumwa, mwalimu?" Evaresta aliuliza.

"Hata akiwa anaumwa, Mama Sia. Sema naye kwa mdomo. Unataka akuite mama au hutaki?"

Hakuna mzazi aliyeondoka pale akiwa ameyashika maneno yale kama Evaresta. Wengine walifika nyumbani wakasahau, wengine walijaribu mpaka Jumapili wakachoka. Yeye aliyabeba kama anavyobeba masharti ya dawa.

Jioni alipokwenda kumchukua, Sia alitoka mbio na mikono yake imejaa habari. Kulikuwa na kioo kikubwa. Kulikuwa na mvulana aliyejikojolea. Mwalimu alimshikisha shingo yake, na shingo ilikuwa inatetemeka ndani. Evaresta aliona yote, alielewa yote, na vidole vilimwasha. Akaviweka nyuma, akavifunga kimoja na kingine, akainama akasema kwa midomo mipana, "Umesoma nini leo?"

Sia alicheka. Alifikiri ni mchezo. Akarudia habari ya mvulana, polepole zaidi, kama unavyomrudia mtu asiyesikia vizuri. Evaresta akatabasamu, mikono nyuma. Sia akazunguka nyuma yake, akamshika vidole, akajaribu kuvifungua. Havikufunguka. Walitembea hivyo kutoka Themi, wakavuka mjini mpaka wakafika Sakina, mtoto akiuliza na mama akitembeza midomo.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Sia alilia, alirusha sahani, alimuuma mama yake mkono. Usiku alimtikisa amwambie ndoto aliyoota, na Evaresta akamjibu kwa mdomo gizani, ambako hata midomo haionekani. Aliingia bafuni akafungulia maji kwenye ndoo ili Reginald asimsikie akilia. Lakini hakulegea. Alivumilia kama mzazi anavyovumilia akimshikilia mwanawe achomwe sindano, akijua kwamba mtoto anamwona yeye ndiye adui, na kwamba baadaye ataelewa. Hivyo ndivyo alivyojiambia kila siku, baadaye ataelewa.

Kisha Sia akaacha. Hakuacha kwa hasira. Aliacha tu kumsemesha mama yake kwa mikono, kama mtu anavyoacha kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Evaresta alikwenda mbio shuleni kumweleza mwalimu.

"Ameacha, mwalimu! Kabisa!"

"Unaona sasa?" Nanyori akamkumbatia. "Ningepata wazazi watano kama wewe, Mama Sia, ningefanya maajabu."

Walifurahi wote wawili, tena kwa moyo mweupe. Ukiifikiria furaha ile unatamani mtu angepita mlangoni pale akawapiga kofi la kuwaamsha.

Na matunda yalikuja, usiseme hayakuja. Mbele ya kile kioo, kikaratasi kikiwa mbele ya mdomo ili aone pumzi inavyokipeperusha, mkono mmoja kwenye koo la mwalimu na mwingine kwenye koo lake, Sia alijifunza kusema maji. Alijifunza chai, na kalamu, na asante. Alijifunza mama, ingawa mara nyingine alimwita mama yake baba, maana kwa anayetazama midomo maneno hayo ni ndugu. Siku alipolisema neno mama mara ya kwanza, Evaresta alitangaza Sakina nzima. Krismasi moja watoto wa kitengo walisimamishwa kanisani wakasema Baba Yetu kwa sauti, kila mmoja na yake, na waumini walitokwa machozi. Evaresta alikaa benchi la mbele amenyooka. Hakujiuliza kwa nini binti yake, aliyekuwa na habari za kuchekesha barabara nzima, sasa alikuwa na maneno yanayotosha kuagiza chakula tu.

Mtu mmoja tu ndani ya nyumba alivunja masharti, naye ni Reginald. Yeye alikuwa mzembe wa kila jambo. Dawa zake ziliishia katikati, mfungo wake uliishia saa nne. Mikono nyuma aliijaribu siku moja, akashindwa, na tangu hapo akawa anasema na Sia gerejini kwa kuibaiba. Evaresta aliwafumania adhuhuri moja. Reginald alikuwa amelala chini ya gari, miguu nje, na kutoka uvunguni mikono yake myeusi ilikuwa inasimulia jambo, na Sia amechuchumaa pale anacheka mpaka amejishika tumbo. Evaresta alimvuta mtoto mkono akamwinua.

"Unamharibu! Mwalimu anahangaika kule, na wewe huku unabomoa!"

Reginald akajiburuta akatoka. "Mama Sia, huyu ni mwanangu. Siwezi kukaa naye kama mwenye nyumba na mpangaji."

"Akiwa mkubwa hajui kusema, utaniambia nini?"

"Sijui," alisema Reginald, akifuta vidole. "Mimi namhadithia tu habari ya mteja wangu mmoja."

Waligombana sana siku ile, na Evaresta akashinda, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa upande wa mwalimu. Reginald akawa mwangalifu zaidi asifumaniwe. Miaka ikaenda.

Sia alikuwa amemzidi mama yake urefu Evaresta alipofika shuleni mapema siku moja, kupeleka ada ya mitihani. Akapita dirishani pa kitengo, akasimama. Ndani mikono ilikuwa juu, darasa zima. Watoto wanasema wote kwa pamoja, wanakatizana, wanapigapiga madawati ili watazamwe. Katikati amesimama Sia, anasimulia. Mabega yanasimulia, nyusi zinasimulia, na wenzake wanaanguka kwa kicheko. Sura ile Evaresta hakuwa ameiona tangu enzi za meza ya mitumba na soksi za rangi mbili.

Unafikiri alifanya nini? Alikimbia ofisini kushtaki.

"Mwalimu, watoto wako peke yao! Wanatumia mikono!"

Nanyori alikuwa ameketi, kiganja shavuni. Alikuwa amezeeka kidogo bila Evaresta kuona. "Hawako peke yao, Mama Sia. Mwalimu Godbless yuko humo humo. Ndiye anayewafundisha hiyo mikono. Ni kijana mpya, ametoka chuo, amekuja na lugha ya alama."

"Kumbe ni ruksa?"

"Ni ruksa. Sasa wanasema mtoto kiziwi asiponyimwa mikono ndipo anapoelewa na mengine yote. Wanasema tuliwachelewesha." Alisema maneno hayo polepole, kwa midomo mipana, kama alivyozoea kusema na watoto. "Nilifundishwa vile, mama. Na mimi niliamini."

"Na mimi nilikuamini wewe," alisema Evaresta.

Evaresta alirudi nyumbani kwa miguu na ile ada ameisahau mfukoni. Jioni alimweleza Reginald, akasubiri amwambie si nilikwambia. Reginald hakusema. Alimwekea chai, akakaa karibu naye, na hilo lilimuuma zaidi.

Lakini Evaresta hakuwa mtu wa kukaa chini akaloa machozi. Mwalimu Godbless alikuwa na somo la wazazi kila Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya biashara. Aliifunga meza. Alikaa dawati la mbele, mama mtu mzima, akajifunza alama kama alivyojifunza katekisimu. Wazazi wengine walikuja na kupotea, yeye hakukosa. Alifanya mazoezi mbele ya kioo chumbani mpaka viwiko vikauma. Akaona siku imefika, akamngoja Sia pale jikoni, akamuuliza kwa alama safi kabisa za darasani: Umeshindaje? Shule ilikuwaje leo?

Sia alimtazama. Akamshika kidole kimoja, akamsahihisha kwa upole. Kisha akajibu: Nzuri. Asante. Na wewe?

Akasimama, mikono mbele, akisubiri kama anavyosubiriwa mgeni amalize salamu. Evaresta alipokosa la kuendelea, Sia akainamisha kichwa kwa heshima akaenda kuosha vyombo.

Ikawa hivyo kila siku. Sia hakuwa na kiburi. Alifua, alipika, alimbebea mama yake furushi la mitumba bila kuombwa, na majirani walisema, "Mama Sia, umelea." Ni Evaresta peke yake aliyejua kwamba anatendewa wema wa mpangaji. Kwa baba yake binti alikuwa mtu mwingine: alimvuta masikio, alimwigiza anavyokoroma, akachanganya alama mpya za Godbless na zile za kale za uvunguni. Evaresta akitokea, mikono ilitulia. Haikuwa kwa kuficha. Ilitulia kwa adabu.

Sia alipomaliza shule alipata nafasi ya chuo cha ushonaji cha viziwi, mbali, mkoa mwingine. Nyumba nzima ilifurahi na Evaresta alishona shuka za safari. Lakini moyoni alikuwa amekufa ganzi. Alijua mtoto akiondoka vile alivyo, atarudi likizo kumsalimia baba yake na kumwuliza yeye habari za kazi, na hivyo ndivyo watakavyoishi mpaka kaburini. Alitaka jambo moja tu kabla basi halijaondoka. Alitaka mwanawe amrudie. Na maneno yake ya Jumamosi yalikuwa machache, hayakutosha kwa mzigo ule. Akamwomba Mwalimu Godbless awe katikati yao.

Walikaa darasani baada ya watoto kutoka, Godbless amegeuza kiti, mama na binti wakitazamana juu ya dawati.

"Mwambie nilikatazwa," Evaresta alianza. "Mwambie mwalimu alisema nikimjibu kwa mikono hatajua kusema. Mwambie nilikuwa naelewa. Kila alichoniambia nilikielewa."

Godbless akatafsiri. Sia alifuatilia mikono ya mwalimu bila kupepesa.

"Mwambie haikuwa kwamba simpendi. Nilikuwa naingia bafuni nalia." "Muulize kama ananichukia."

Sia alitikisa kichwa upesi, hapana. Kisha akaangalia ubao. Halafu mikono yake ikaanza, polepole, na haikuacha. Ilisema kwa muda mrefu. Evaresta alishika neno moja hapa na moja pale, mama, shule, jioni, mengine yakampita. Aliona tu uso wa Godbless ukibadilika.

"Anasema hapana," alisema Godbless.

"Hilo nimeliona mwenyewe. Hayo mengine?"

"Mama, ni mambo ya utotoni. Si lazima..."

"Mwanangu Godbless." Evaresta aliweka viganja vyote viwili juu ya dawati. "Mimi nimekosa maneno ya mtoto wangu miaka yote hii kwa kutii walimu. Leo sitii. Niambie alichosema."

Kijana akasema akitazama chini.

"Anasema siku ile ya kwanza ya shule, asubuhi aliletwa na mama yake. Jioni akaja mwanamke mwingine kumchukua. Anafanana na mama yake, amevaa nguo zake, ila hajui kusema. Alimwuliza kila kitu njia nzima, yule mwanamke hajui hata neno moja. Akajua siye. Alimwamsha usiku akamjaribu tena, siye. Akaona basi, mama yake amekufa, na baba amemleta anayefanana naye ili mtoto asilie." Akasita. "Anasema alimwuliza baba yake mama yuko wapi, baba akakuonyesha wewe. Akajua baba anamficha kwa huruma. Hakumwuliza tena, asimwumize."

Nje mlinzi alikuwa anafagia majani. Evaresta alisikia ufagio, akasikia pumzi zake mwenyewe, akajilazimisha kusema.

"Lakini sasa anajua. Si amekua? Anajua kwamba ni mimi yule yule."

Godbless akauliza. Mikono ya Sia ilijibu kwa ufupi, karibu na kifua, bila hasira yoyote.

"Anajua. Anasema amejua siku nyingi. Anasema wewe ni mtu mwema, umemlea vizuri, na hana neno na wewe. Ila yule," Godbless alifuta uso kwa mkono wa shati, "yule alikwisha kumlilia, peke yake, mpaka akamaliza. Anasema hajui sasa amrudishe vipi."

Evaresta akalaza kichwa kwenye dawati. Kilio kilichomtoka kilikuwa kikubwa hata mlinzi akaacha kufagia. Sia hakukisikia, lakini alikiona mabegani. Akainuka, akazunguka dawati, akauchukua mkono wa kulia wa mama yake kwa mikono yake yote miwili, akainama kidogo, vile watu wanavyompa mkono wa pole mfiwa. Kisha akavuta kiti, akakaa naye mpaka aliponyamaza.